Mwanangu kaumia mkono kwenye skeitibodi: nimkataze au nimnunulie ubao?

"Kaka, habari za kazi. Naandika kutoka Tanga, Makorora. Mwanangu wa kiume ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Tangu likizo ya Desemba amejiunga na vijana wanaocheza skeitibodi, ule ubao wa magurudumu, jioni. Wiki tatu zilizopita alianguka, kifundo cha mkono wa kulia kikavimba. Bibi yake alimchua kwa mafuta, uvimbe ukashuka, lakini mpaka leo hanyanyui ndoo, na akibonyezwa chini ya kidole gumba anaruka. Viatu navyo ni balaa: jozi mbili zimetoboka tangu Januari, tena kiatu cha kushoto tu, ubavuni. Baba yake anasema huo ni mchezo wa wahuni na ubao wa kuazima aliokuja nao atauchoma. Mimi naona mtoto amebadilika, na mengine ni mazuri, hata simu ameipunguza. Sasa anaomba shilingi 90,000 anunue ubao wa mtumba. Mdogo wake wa kike, miaka 9, naye anautaka mchezo huo huo. Nimkataze au nimnunulie?"

Dada yangu, ahsante kwa kuandika kwa urefu. Umeuliza swali moja, lakini ndani yake yamo mengi, na moja halisubiri. Naanza na hilo.

Mpeleke mtoto akapigwe eksirei ya mkono, kesho asubuhi ikiwezekana. Mimi si daktari. Nimeteleza kwa ubao hapa Tanga kwa miaka 22, nimefundisha watoto wengi, na katika miaka hiyo nimeona vifundo vya mikono vilivyovimba vya kila namna. Maneno yako kwamba akibonyezwa chini ya kidole gumba anaruka ndiyo yaliyonifanya niache kazi nyingine nikujibu leo. Mwambie anyooshe kidole gumba juu, kama anayemwonesha mtu kuwa mambo safi. Upande wa nyuma wa mkono, kwenye shina la kidole, patatokea kishimo kidogo kati ya kano mbili. Chini ya kishimo hicho kuna mfupa mdogo wenye umbo kama la korosho, madaktari wanauita skafoidi. Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, mfupa huo ndio unaobanwa katikati ya mzigo wote.

Ubaya wake uko kwenye damu. Mishipa inayoulisha huingia kwa upande wa vidole, kisha hurudi nyuma kuelekea upande wa kiwiko. Ukipasuka katikati, kipande cha nyuma kinaweza kukosa damu. Kwa nje uvimbe unashuka, mtoto anaanza kuandika, anashika kijiko, nyumbani mnasema kapona. Ndani mfupa haujaunga. Picha ya siku ya kwanza nayo inaweza isioneshe ufa, na ndiyo maana daktari akipabonyeza pale pakauma, humfunga mgonjwa kwa tahadhari na kumwita arudi kupigwa picha nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Wiki tatu zimeshapita kwa mwanao, kwa hiyo kama kuna ufa, una nafasi kubwa ya kuonekana sasa kuliko siku ile alipoanguka. Mkifika hospitali, Bombo au penginepo penye eksirei, msiseme tu "mkono unauma". Semeni alianguka lini, aliangukia kiganja, na panapouma ni hapa. Mwonesheni daktari kwa kidole pale pale.

Kuna jambo la pili linalohusu umri wake. Katika miaka 14 ncha za mifupa ya mkono bado zina sehemu laini ya gegedu, ambapo mfupa unaendelea kurefuka. Sehemu hiyo mara nyingi ni dhaifu kuliko kano zinazoizunguka. Pigo ambalo kwangu mimi lingekuwa mteguko, kwake linaweza kuwa mvunjiko. Kwa hiyo lile neno letu tulilolizoea, "kateguka tu huyo", kwa mtoto anayekua lisitumike mpaka picha ionekane.

Simlaumu bibi yake. Kuchua kunatuliza misuli iliyokaza, na mikono ya bibi imelea watu wengi Tanga hii. Ila mfupa ambao hali yake haijulikani usichuliwe, kwa sababu kama una ufa, kila mchuo unazitingisha pande mbili zinazotafuta kushikana. Na kama kuna mtu amependekeza kumfunga vijiti na kitambaa, chungeni sana: vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au vikibadilika rangi, fungueni papo hapo mkimbilie hospitali. Kifungo kilichobana kinaweza kukata damu, na mkono ukapotea kwa sababu ya jeraha ambalo lenyewe lingepona.

Mkono wangu wa kulia haukunjuki kwenda nyuma kama wa kushoto. Nilikuwa na miaka 17, niliangukia kiganja mbele ya ghala moja, zahanati niliyokwenda ikanipa dawa ya maumivu na kuniambia ni misuli, kisha nyumbani wakanichua wiki mbili. Nikaendelea kuteleza. Leo nikisujudu naweka ngumi chini, kiganja hakilali. Sitaki mwanao afike huko kwa jambo linalotibika akiwahiwa.

Sasa tuje kwenye kuanguka kwenyewe, maana naona hapo ndipo hofu yako ilipo. Mtoto akianza skeitibodi ataanguka. Hakuna njia nyingine ya kujifunza, na yeyote atakayekuahidi vinginevyo usimwamini. Kinachotofautiana ni namna ya kuanguka. Gurudumu la ubao wa mtaani lina kipenyo cha milimita 52 hivi na ni gumu. Likikutana na kokoto ndogo kama punje ya choroko, linakwama. Ubao unasimama pale pale, lakini mwili uliokuwa juu yake haujapata habari, unaendelea mbele kwa mwendo ule ule. Mwili wa binadamu ukijiona unakwenda chini, mikono inatangulia bila kuulizwa, imenyooka, viganja wazi. Mkono ulionyooka ni kama mwiko uliosimamishwa wima: nguvu yote inapanda moja kwa moja kutoka kiganjani hadi ikute penye udhaifu.

Kwa hiyo siku ya kwanza mtoto anapokuja kwangu hapandi ubao. Tunatandika gunia kuukuu kwenye nyasi tunajifunza kuanguka. Piga magoti, jikunje, mikono iingie kifuani, bega litangulie, ubingirike. Nawaambia waanguke kama mfuko wa unga, wasianguke kama mnazi. Mtoto mmoja wa Chumbageni alikaa siku nne nzima kwenye gunia lile, wenzake wakiteleza pembeni yake, na kila akibingirika vizuri ananiangalia aone kama nimeona. Siku ya tano alipanda ubao, akaanguka mara ya kwanza kabisa kwenye saruji, akabingirika, akainuka mikono yote ikiwa mizima. Muulize mwanao: kabla ya kupewa ubao, kuna mtu alimfundisha kuanguka? Jibu lake litakueleza mengi kuhusu watu aliojiunga nao.

Helmeti ni lazima, na hapo sibishani na mtu. Ile ya bodaboda si yake: ni nzito, inamvuta shingo na inamziba masikio. Atafute ya baiskeli au ya mchezo wenyewe, imkae vizuri, mkanda ufungwe chini ya kidevu. Iliyokwisha kupigwa kwa nguvu haifai tena hata kama nje haina alama, kwa sababu sponji ngumu ya ndani hujibonyeza mara moja ili kuokoa kichwa, na hairudi ilivyokuwa. Vikinga vya vifundo vya mikono, vile vyenye kibao cha plastiki kiganjani, navyo vinasaidia sana kwa anayeanza. Na akiwahi kujigonga kichwa kisha akatapika, akasinzia kusiko kawaida, akaongea mambo yasiyoshikana, akatoka damu au maji sikioni, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, hiyo ni hospitali usiku huo huo. Hakuna kusubiri asubuhi.

Viatu. Hapa, dada, nilitabasamu, kwa sababu kiatu cha kushoto kimekueleza mwanao anafanya nini jioni. Juu ya ubao kumebandikwa msasa, kama ule wa seremala, ili mguu usiteleze. Mtindo wa kwanza ambao kila mmoja wetu anauhangaikia unaitwa oli: kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono. Aliyebuni namna ya kuufanya kwenye sakafu tambarare ni Mmarekani Rodney Mullen, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mitindo mingi ya mtaani unayoiona leo imejengwa juu ya huo mmoja. Mguu wa nyuma unagonga mkia wa ubao chini, "pa!", pua ya ubao inainuka. Papo hapo mguu wa mbele unajikwangua juu ya msasa kuelekea puani, na mkwanguo huo ndio unaouinua ubao na kuulaza sawa hewani. Mwanao anasimama mguu wa kushoto mbele. Kila jaribio moja, ubavu wa kiatu hicho, karibu na kidole kidogo, unasuguliwa na msasa. Kwa jioni moja mtoto mwenye hamu hujaribu mara mia na zaidi.

Basi jozi mbili zilizotoboka zinakwambia kwamba hakuwa akizurura. Alikuwa anarudia jambo moja, anashindwa, anarudia. Hilo halikuzuii kumpiga marufuku kuteleza na viatu vya shule, na umkataze kweli. Mtafutie raba ya mtumba yenye soli bapa na ngozi ubavuni, turubai haidumu. Fundi viatu anaweza kubandika kipande cha tyubu ya baiskeli pale panapolika, akipake gundi kila baada ya siku chache. Sisi tumeishi hivyo miaka yote.

Shemeji anasema ni uhuni. Naomba nimjibu kwa heshima, kwa sababu hofu yake haikutoka hewani. Kundi la vijana limesimama mbele ya duka, mbao zinapiga kelele, mlinzi anawafukuza, wanahama kibaraza cha pili. Tena wengine hupaka mshumaa kwenye kingo za vibaraza ili ubao uteleze vizuri, wanaacha madoa meusi. Kwenye nyumba za zamani za mjini kingo zile zikisuguliwa na chuma zinabomoka, na hakuna atakayezirudisha. Nimewahi kufanya hivyo nikiwa kijana. Nilifanya makosa, na watoto wangu wa leo nawakataza. Mtu mzima akiona hayo kwa mbali atatumia neno gani lingine?

Akikaribia, lakini, ataona jambo ambalo kwa mbali halionekani. Kijiwe chetu jioni kina vijana tisa na mbao tatu. Hakuna kocha wala refa. Mmoja anapanda, anajaribu, anashuka, anampa mwenzake ubao bila kuambiwa. Mdogo kuliko wote hupewa ule wenye beringi nzuri, kwa sababu mbovu zitamwangusha. Siku moja kijana alikuwa anajaribu kuruka ngazi tatu. Alianguka mara kumi na kitu, kiwiko kinatoka damu, jua linazama, sisi tumekaa ukingoni kimya. Alipotua na magurudumu yote manne na kuendelea kuteleza, hakuna aliyepiga makofi. Kila mwenye ubao aliugonga chini, ta-ta-ta-ta, na wasio na ubao wakagonga sakafu kwa viganja. Ndivyo wanaskeiti wa kila nchi wanavyopongezana, na vijana wetu waliupokea ugongaji huo kama walivyoupokea mchezo wenyewe. Yule kijana alikuwa na kigugumizi kilichomfanya asizungumze darasani. Tangu jioni ile ndiye anayewapokea wageni wanaokuja kijiweni, anawasalimia yeye wa kwanza.

Siwezi kukuahidi kwamba kila kijiwe kiko hivyo. Vipo ambavyo bangi inapita mkono kwa mkono, na ubao ni kisingizio cha kukaa pale. Kwa hiyo usinisikilize mimi tu, nendeni mkaone. Mwambie shemeji aende jioni, asiende kugomba, akae pembeni nusu saa. Aangalie mambo machache. Je, wapo wakubwa, wa miaka 25 au 30, na hao wakubwa wanateleza au wamekaa tu? Mtoto akianguka, nani anamwendea kwanza? Wanaanza baada ya alasiri na kutawanyika kabla ya magharibi, au giza linawakuta hapo? Chuo cha jioni, yaani madrasa, kinaheshimiwa? Mlinzi wa eneo na mwenyekiti wa mtaa wanawajua kwa majina? Kijiwe kizuri kimeomba ruhusa, kinafagia kabla ya kuanza, na mlinzi mwenyewe anawatetea. Kama shemeji ataona vinginevyo, basi ana haki ya kumtoa mtoto pale, na mimi nitamuunga mkono. Lakini amtoe kwenye kijiwe kile, ubao asiuchome. Tena huo ni wa kuazima, na mwenye nao atamjia mwanao.

Kuna jambo moja ambalo kwangu halina mjadala, nalo ni kudandia. Utawaona wengine, hasa wale wa viatu vya magurudumu, wameshika nyuma ya lori au bajaji wanaburutwa barabarani. Dereva hawaoni. Barabara ikiwa na shimo, ubao unabaki, mtoto anatua mbele ya pikipiki inayofuata. Kwetu anayedandia, hata mara moja, ananyang'anywa ubao mwezi mzima, na wazazi wake wanaambiwa. Muulize mwanao sheria ya kijiwe chake kuhusu kudandia ni ipi. Akisema hakuna sheria, huko asirudi.

Wapo pia wanaosema ni mchezo wa Wazungu, nao nawajibu kwa kifupi. Ulizaliwa Marekani, California, hilo ni kweli. Lakini Kampala, mtaa wa Kitintale, vijana wamekuwa na uwanja wao wa zege tangu katikati ya miaka ya 2000, na Nairobi kuna uwanja pale Shangilia, Kangemi. Tangu michezo ya Tokyo, ile ya 2020 iliyochezwa 2021, skeitibodi ni mchezo wa Olimpiki. Nasi wa Ngamiani tulikuwa na wetu kabla hatujalijua jina: kipande cha mbao, beringi kuukuu kutoka kwa fundi, mmoja anakaa mwingine anasukuma, kuanzia barabara ya kumi na kitu mpaka mama wa mtu atoke na ufagio. Beringi zile zilikuwa chuma kwenye lami, zinapiga kelele na kuteleza ovyo kwenye kona. Marekani nako walianza hivyo hivyo, na magurudumu ya chuma na ya udongo mgumu, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy alipoleta yale ya plastiki inayoshika ardhi, iitwayo poliyurethani. Gurudumu hilo ndilo lililoufanya mchezo uwe huu.

Tuje kwenye ubao wa 90,000. Usinunue kabla mtu anayejua hajaushika, na kama mwanao ana mkubwa pale kijiweni, mwende naye. Kwanza geuza ubao uangalie vyuma viwili vya chini vinavyoshika magurudumu, tunaviita traki. Kama ni vya plastiki, huo ni mwanasesere, rudisha hata ukipewa bure. Vikiwa vya chuma, angalia mpira wa katikati, bushi yake: ikiwa imepasuka ubao utayumba, ila bushi hubadilishwa. Kila traki ina bolti nne. Chunguza kuzunguka matundu yake, ufa ukianzia hapo ubao unakatika siku yoyote. Tazama mkia: mbao zilizotumika sana huliwa mkiani mpaka zikawa na makali kama wembe, na makali hayo yanakata mguu. Mwisho tazama ubavuni. Ubao mzuri ni tabaka saba nyembamba za mti wa mepo zilizogandishwa, nyingine nyuzi zake zikiwa kwa urefu na nyingine kwa upana, ndiyo maana haupasuki kirahisi. Ukiona tabaka zimeachana kama kurasa za kitabu kilicholowa, ubao umenyeshewa na hautarudi. Upana wa inchi 8 au pungufu kidogo unamtosha kijana wa umri wake.

Tuliwahi kumwomba seremala mmoja atutengenezee mbao za mtiki, maana mkoa wetu una mtiki mzuri. Zilipendeza machoni. Zote zilipasuka kwa urefu ndani ya wiki, kwa sababu kipande kimoja cha mti kina nyuzi za upande mmoja tu. Sikushauri upite njia hiyo.

Beringi zisikutishe bei. Hizi ni za kipimo cha kawaida, namba 608: tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Namba hiyo hiyo inatumika kwenye mashine ndogo nyingi za umeme, kwa hiyo mwanao aulize kwa namba kwenye maduka ya vipuri. Adui yake hapa Tanga ni chumvi ya bahari na mchanga. Wakati wa kusi, ukiteleza Raskazone jioni mbili tatu bila kusafisha, gurudumu linaanza kulia kama mlango mbovu. Mfundishe atandike gazeti, azitoe beringi, afungue kifuniko kwa ncha ya pini, azioshe kwa mafuta ya taa, azipanguse, azianike hadi zikauke kabisa, kisha tone moja, moja tu, la mafuta ya cherehani kwa kila beringi. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanaganda na kukusanya mchanga, watoto wengi wameua beringi zao hivyo. Na masika ubao ukae ndani. Saruji ya niru ikilowa ni kama sabuni, na hata vumbi jembamba juu yake linatosha kumwondoa mtu miguu, ndiyo maana tunafagia.

Binti yako wa miaka 9 aanze, ila mtu mzima awe karibu yake muda wote, si kaka yake peke yake. Paris 2024, Arisa Trew wa Australia alichukua dhahabu akiwa na miaka 14, na Tokyo Momiji Nishiya wa Japani alikuwa na miaka 13 alipoichukua ya kwake. Wasichana wadogo niliowafundisha mara nyingi wanajifunza haraka kuliko kaka zao, kwa sababu wanakubali kurudia hatua ndogo bila haraka ya kujionesha. Avae suruali, gauni refu au baibui linaingia kwenye gurudumu. Mtandio afunge kwa kukaza nyuma ya shingo bila pini, helmeti ikae juu yake. Kama kijiweni hakuna msichana mwingine, atafutieni hata mwenzake mmoja waanze pamoja. Nimeona wengi wakiacha kwa sababu ya kutazamwa tu, hawakuumia popote.

Kuhusu uamuzi wako, dada: usimkataze, na usimnunulie bado. Weka ile 90,000 pembeni mpaka mkono upigwe picha. Ikiwa hakuna mvunjiko, daktari aseme lini aruhusiwe, na sehemu ya fedha hiyo inunue helmeti na vikinga vya mikono kabla ya ubao. Ikiwa ni ule mfupa wa korosho, atakaa wiki nyingi mkono umefungwa, mara nyingine miezi, na atalia, kwa sababu katika umri huo miezi miwili ni kama maisha yote. Usimfungie ndani. Mwache aende kijiweni akae, ashike saa, asafishe beringi za wenzake kwa mkono mzima, awarekodi kwa simu wakiruka. Wenzake wakimpa nafasi hiyo, mtakuwa mmeshajua ni watu gani. Nami niandikie daktari alichosema, na kama ni bolti au bushi inayokusumbua, piga picha ya chini ya ubao uniletee, nitaitazama.